Siku Bila Kumkata Mteja

Kinyozi hajinyoi, wanasema, na akijinyoa hujikata. Huyu wetu hakuwa na ugomvi na nusu ya kwanza ya methali hiyo. Nusu ya pili ndiyo iliyomkera, maana dukani kwake neno "kukata" lilitumika kwa nywele peke yake. Ukutani, juu ya kioo kikubwa, alitundika ubao mweusi aliopewa na dada yake, mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya barabara. Dada huyo ndiye aliyeuandika kwa chaki, kwa mwandiko wake wa darasani: SIKU BILA KUMKATA MTEJA. Chini yake kinyozi aliandika namba, na kila asubuhi, kabla hata ya kufagia, aliifuta na kuongeza moja. Wazo alilipata kwenye kiwanda cha saruji, alikokwenda siku moja kuwanyoa wafanyakazi akakuta getini ubao unaohesabu siku bila ajali. Kiwandani hawakuwahi kufika mia moja. Yeye, Ijumaa tunayoanzia, alikuwa na 4,118.

Mtu wa mwisho kutoka damu katika kile kiti alikuwa bwana harusi, sikio la kulia, miaka kumi na moja nyuma. Bwana harusi alishazaa watoto watatu na kusahau. Kinyozi alikuwa bado anavuka barabara akimwona.

Sasa mchukue mtu wa namna hii, mwenye wazimu wake wa heshima, umpe kazi ya kunyoa ulimi. Yatakayotokea usiseme hukuambiwa.

Ndiyo, ulimi. Mume wa yule dada mwalimu alikuwa fundi saa, na duka lake lilipakana na la kinyozi, ukuta mmoja. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye upara unaong'aa, na mbishi wa kutupwa. Miaka miwili kabla alipatwa na saratani ya ulimi, upande wa kushoto. Daktari, mama mfupi mwenye vidole vyembamba, aliukata upande ule na kuuziba kwa ngozi aliyoitoa kwenye paja la mgonjwa mwenyewe. Kazi ilikuwa nzuri. Kovu lilipona na fundi akarudi mezani kwake. Tatizo ni kwamba ngozi haina akili. Ukiihamisha kutoka pajani ukaipeleka kinywani, haijui kwamba imehama. Paja la fundi saa lilikuwa na manyoya yaliyokikimbia kichwa chake, na baada ya miezi mitatu ulimi wake ulianza kuota nywele.

Cheka ukitaka, mwenyewe alicheka. Aliacha kucheka pale chembe za wali zilipoanza kunasa humo na kulala hadi asubuhi.

"Hutokea," daktari alisema. "Mtafutieni mtu mwenye mkono mwepesi awe anampunguzia."

"Ninaye," alijibu mwalimu mkuu, naye hakumuuliza kinyozi kama anataka.

Ikawa desturi. Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa saa nne asubuhi, fundi saa aliketi kwenye kiti cha dirishani penye mwanga, taulo shingoni kama mteja mwingine yeyote. Kinyozi aliushika ulimi kwa kitambaa cha pamba, akapachika jichoni kile kioo kidogo cha kukuzia cha mafundi saa alichoazimwa na shemeji yake, akachukua kibano cha saa, mkasi uliopinda na kipande cha wembe chembamba kama ukucha. Kwa dakika ishirini fundi saa hakuweza kubishana na mtu. Wateja wengine walikuja siku hiyo makusudi, ili waongee.

Aliyeongoza mazungumzo ni mzee mmoja aliyekuwa tarishi wa barua miaka thelathini na nne, wakamwita Posta. Posta hakuwa na nywele za kukatwa wala kazi ya kufanya. Alikuja kusoma gazeti.

"Muachie kidogo pembeni," alikuwa akisema. "Kunyoa kote kote kutamzeesha."

Tangu upasuaji fundi saa aliongea kama mtu anayesimulia jambo huku anapiga mswaki, kwa hiyo mambo ya maana aliyaandika. Aliyaandika kwenye vile vikadi vyenye uzi ambavyo mafundi hufunga kwenye saa ya mteja. Akikupa ujumbe alikufungia kwenye kifungo cha shati, na wakati mwingine ulitembea nao mjini nusu siku bila kujua.

Ijumaa ile ya 4,118 kinyozi aliushika ulimi, akaweka kioo jichoni, akaliona. Pale ngozi ya paja inapopakana na ulimi wa kuzaliwa, mpaka alioujua kuliko ua wa nyumba yake, palikuwa na doa jekundu, dogo kama kichwa cha skrubu ya saa. Juu yake hapakuwa na unywele hata mmoja.

Mtu mwingine angejiuliza ni nini. Kinyozi hakujiuliza, alijua. Wiki mbili kabla, kazi ikiwa katikati, Posta alikuwa amepiga chafya. Chafya ya Posta haikuwa jambo dogo, chupa za mafuta zilitembea kwenye rafu. Mkono wa kinyozi uliruka. Damu hakuiona siku ile, lakini sasa kila kitu kilijipanga: chafya, mkono, doa. Nimemkata. Jamani, nimemkata shemeji.

Hapo mtu mzima angefungua kinywa. Naona haya kwa niaba yake kusimulia alichofanya. Aliinua macho, akautazama ubao, akayashusha. Kisha akachukua jiwe la shabu, lile la kufungia damu, akaligusisha pale kwenye doa. Uso wa fundi saa ulikunjamana kama shati lililolaliwa, na macho yake yakauliza kuna nini.

"Hakuna kitu, shemeji," alisema kinyozi. "Uji uliganda."

Kesho yake asubuhi aliandika 4,119. Aliiandika upesi upesi, kama mtu anayevuka mlango wa jirani anayemdai radhi.

Baada ya wiki mbili doa lilikuwa kubwa kama punje ya dengu. Akapaka shabu tena. Baada ya wiki mbili nyingine lilikuwa na kingo ngumu, na kinyozi aliona jambo jipya. Nywele zilizokuwa nje ya doa, mahali ngozi ilipoonekana nzima kabisa, ziliachia zenyewe. Alipozigusa kwa kibano zilimfuata bila kuvutwa, mstari mzima uliopinda kama mwezi mchanga. Kidonda cha wembe hupungua kila siku. Hiki kilikuwa kinanenepa.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeficha maradhi ya mwenzake akidhani anaficha kosa lake mwenyewe. Hilo liliwapita, na wewe ukilisimulia mahali watakuambia umetunga.

Jumapili alikwenda kumsalimia dada yake. Shemeji alikuwa mezani na kikombe cha uji. Aliuacha ukapoa hadi ukafanya ngozi juu, kisha akaumeza kwa upande mmoja, polepole, akitazama dirishani kana kwamba kulikuwa na cha kutazama.

"Mbona unamwangalia mume wangu kama unampimia jeneza?" dada aliuliza.

Kinyozi hakula. Jumatatu asubuhi alifungua duka, akachukua kifutio, akaifuta 4,149 aliyokuwa ameiandika dakika tano tu kabla, akaweka sifuri. Posta alishusha gazeti.

"Umemkata nani?"

Kinyozi alipangusa chaki kwenye suruali. Alitoka, akaingia mlango wa pili, akasimama mbele ya meza ya fundi saa iliyojaa saa zilizofunguliwa matumbo.

"Shemeji, nimekukata," alisema. "Ni wiki nyingi sasa. Nilikuficha. Nilikuwa nakupaka shabu kwenye kidonda changu nikakuambia ni uji. Nipige ukitaka."

Fundi saa alitoa kioo jichoni, akakiweka chini. Alifungua droo ya saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, akatafuta, akatoa kikadi chenye uzi kilichoanza kuchakaa. Kilikuwa kimeandikwa kwa penseli: *Umenikata. Nimekusamehe. Usifute ubao.* Nyuma yake kulikuwa na tarehe. Ilikuwa ya Ijumaa ya chafya.

"Ulikuwa unajua?"

"Kilianza kuchoma jioni ile," alisema fundi saa, kwa ile sauti yake ya mswaki. "Nikasema, miaka kumi na moja ya mtu. Niiharibu kwa kidonda?"

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unanificha kwamba unajua?"

"Na wewe ulinificha kwamba ulifanya."

Walipendana sana watu hawa wawili, na ndiyo maana nawakasirikia mpaka leo. Mmoja alivumilia maumivu ili asimharibie mwenzake ubao, na mwingine alikosa usingizi kwa jeraha ambalo hakulifanya. Walikuwa karibu kukumbatiana, machozi yakiwalenga, kila mmoja akiuona moyo mkubwa wa mwenzake, mwalimu mkuu alipotokea mlangoni. Posta hakuwa amesahau kazi yake ya zamani. Alikuwa ameshavuka barabara na kufikisha habari.

Mwalimu mkuu alikisoma kikadi mbele na nyuma. Vidole vyake vilikuwa na chaki.

"Wewe," alimwambia mdogo wake. "Kidonda cha wembe kinapona kwa siku ngapi?"

"Tatu. Nne kikiwa kirefu."

"Na hiki?"

Ukutani saa kumi na saba zilipiga kila moja kwa wakati wake.

"Nimeuliza swali. Nijibu kwa sentensi kamili."

"Kidonda hiki," alisema kinyozi, "kina siku arobaini na tano." Alipoisikia sentensi ile ikitoka kinywani mwake mwenyewe, aliketi juu ya sanduku la betri.

Mwalimu mkuu hakumgombeza. Alimvalisha mumewe koti, akamfunga vifungo vyote kama vile nje kuna baridi, wakaenda hospitali, wote watatu.

Karani wa mapokezi aliandika jina la mgonjwa, akamgeukia kinyozi. "Na wewe ni nani wake?"

"Kinyozi wake."

Karani aliutazama upara wa fundi saa kwa muda mrefu. Kisha akaandika "ndugu" na kuita anayefuata.

Daktari aliwasha taa yake, akaushika ulimi. Kinyozi hakumpa nafasi ya kusema. "Daktari, nimemkata. Kuna mzee alipiga chafya, mkono ukaruka. Shahidi yupo, nikamwite."

Daktari aliendelea kutazama. Aligusa kwa kidole, akagusa shingo chini ya taya, akazima taa.

"Hukumkata," alisema.

"Nilimkata, Daktari. Ninaujua mkono wangu."

"Hakuna jeraha la wembe hapa."

"Basi tazama tena!" Kinyozi alikuwa amesimama. Mtu aliyejivunia siku elfu nne bila tone la damu sasa alikuwa anaiomba damu ile kama mtoto anayeomba abebwe. "Wembe wenyewe ninao hapa mfukoni. Ni mkali, unaweza kumkata mtu bila mwenyewe kusikia. Andika nimemkata. Andika nilikuwa mlevi. Nitatia sahihi."

"Kaka yangu," daktari alisema taratibu, "natamani ungekuwa umemkata."



Saratani ilikuwa imerudi. Vipimo vilichukua siku sita kulisema lile ambalo wote walishalijua pale chumbani. Kabla ya kuchukua nyama ya kupima, daktari aliuliza nani aliona doa kwanza na lilikuwa na ukubwa gani. Kinyozi alieleza kila kitu, pamoja na zile nywele zilizoachia nje ya doa. Daktari alisimamisha kalamu.

"Zilitoka wapi hasa?"

Kinyozi aligeuza fomu ya hospitali, akachora. Alichora ulimi kama mtu anavyochora shamba lake mbele ya mgawa mirathi: huu mpaka, hapa nywele ngumu, hapa laini, hapa mwezi mchanga wa nywele zilizokufa. Daktari aliweka ramani ile pembeni ya ulimi wenyewe, akatazama huku na huku.

"Kwenye vitabu vyangu hili halipo," alisema. Lakini alichukua vipande vitatu kutoka mahali penye mwezi mchanga, ambapo kwa macho palikuwa pazima. Viwili vilirudi na ugonjwa.

"Ningeishia hapa," aliwaonyesha siku ya majibu, akiweka kidole kwenye ramani. "Sasa nitakwenda mpaka hapa. Mwezi mliokaa kimya siwezi kuwarudishia, mwezi ni mwezi. Lakini hili litanisaidia."

Mwalimu mkuu aliuliza kati ya watu kumi ambao ugonjwa umewarudia wangapi hupona. Daktari hakumficha, akataja namba. Mimi siitaji, kwa sababu mwalimu mkuu aliipokea, akaitazama kama mwanafunzi aliyechelewa, akaiamuru ikakae nyuma.

"Nimesimamia mitihani ya marudio miaka ishirini na sita," alisema. "Wapo wanaofaulu."

Kisha daktari akaleta habari ambayo aliona ni njema. Safari hii ngozi ataitoa upande wa ndani wa mkono, laini, isiyo na nywele. "Mambo ya kinyozi yatakwisha," alimwambia mgonjwa.

Fundi saa alitoa kikadi mfukoni. Aliandika, akakifunga kwa uzi kwenye pembe ya faili, mafundo mawili, kama afanyavyo kwa saa ya thamani. *Chukua paja la kulia. Nina shemeji.*

Daktari alikisoma. Alieleza kwamba baada ya upasuaji kutakuwa na mionzi, na mionzi huenda ikaziua nywele zote. Atakuwa amejipa karaha ya bure.

Kikadi cha pili kilisema: *Zikiota zitatuambia.*

Upasuaji ulianza asubuhi, ukamalizika jua likiwa limeshaelekea upande wa pili. Mwalimu mkuu alisahihisha madaftari ya darasa zima kwenye benchi la korido, akayamaliza, akaanza kuyasahihisha upya. Kinyozi aliketi mikono ikiwa katikati ya magoti. Posta alikuwepo pia, amejibana pua kwa vidole tangu saa mbili, kwa usalama.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya na sitaipamba. Fundi saa alilishwa kwa mpira. Alikonda mpaka mkanda wa saa yake mwenyewe ukahitaji tundu jipya, akalitoboa. Maneno yalimwisha kabisa, akabaki na vikadi tu. Kinyozi aliogopa. Alikuwa akinyoa watu huku anaogopa, anakula anaogopa, anasikia saa za duka la pili zikigonga anazihesabu kuhakikisha kuna mtu bado anazitia ufunguo.

Ubao nao ulileta mgogoro. Mwalimu mkuu alikuja siku moja, akaifuta ile sifuri, akarudisha namba pamoja na siku zote zilizopita.

"Daktari amesema hukumkata. Hesabu ni hesabu."

"Lakini Dada, nilidanganya."

"Kudanganya kutahesabiwa kwenye ubao mwingine," alisema mwalimu mkuu, na tangu hapo akawa anavuka barabara kila asubuhi kuhakikisha moja imeongezwa.

Nywele za kwanza za paja la kulia zilichipua, kisha mionzi ikazipukutisha zote. Ulimi ukawa na upara kama kichwa. Hata hivyo kila Ijumaa saa nne fundi saa aliketi dirishani, taulo shingoni, na kinyozi aliweka kioo jichoni akatazama ngozi tupu. Hakuna kilichohitaji kunyolewa. Alitazama dakika ishirini zilezile, akakunja kitambaa, akasema, "Tayari, shemeji." Wateja wapya waliona mteja asiye na nywele kichwani akinyolewa mdomo usio na nywele, wakatafuta duka lingine.

Mwezi wa saba baada ya upasuaji, kinyozi alipiga ukelele uliomwamsha Posta kwenye gazeti.

"Umeota!"

Ulikuwa unywele mmoja tu, pembeni kabisa, mweusi, umejikunja. Posta alitoka nje akautangaza mtaa mzima. Watu walikuja kutoa pongezi bila kujua ni za nini, na mmoja alimpa mwalimu mkuu mkono akamtakia mtoto maisha marefu. Mwalimu mkuu aliitikia asante.

Zikaota nyingine, chache, kwa makundi makundi, lakini zilikuwa ngumu. Kinyozi aliacha baadhi makusudi. Kila Ijumaa alizivuta moja moja kwa kibano, taratibu, asikie kama zimeshika.

Ndipo tukafika Ijumaa ya 4,713, mwaka na miezi sita na nusu baada ya ile siku ya sentensi kamili. Posta alikuwa amepigwa marufuku kuingia dukani Ijumaa saa nne. Alisimama nje ya dirisha. Vumbi la barabara lilimpanda puani, na mzee wa watu akajitahidi kuizuia chafya: mashavu yalijaa, macho yakatoka, machozi yakamtiririka, akashika nguzo ya taa kwa mikono miwili. Fundi saa alimwona. Kinywa wazi, ulimi kitambaani, wembe juu yake, fundi saa alicheka.

Damu ilitoka mara moja. Damu ya kweli, nyekundu, ikaloweka kitambaa.

"Nimekukata," alisema kinyozi.

Nani angejua kama ni kweli? Alisema hivyohivyo na mara ya kwanza. Wakautazama ubao, na hakuna aliyenyanyua mkono. Kuandika sifuri ilikuwa kusema ni kidonda cha wembe, na kuongeza moja ilikuwa kusema si kidonda cha wembe. Kinyozi aliiacha 4,713 ilivyokuwa, akaosha mikono.

Jumamosi namba ilikuwa ileile, na kidonda kilikuwa chekundu. Jumapili kinyozi alikwenda nyumbani kwa dada yake na kioo mfukoni, fundi saa akapanua kinywa barazani: chekundu bado. Jumatatu mwalimu mkuu alisimama nyuma yao na daftari la mahudhurio kifuani. Kinyozi alitazama, akasema kingo haoni vizuri, mwanga hautoshi. Mwanga ulitosha. Alikuwa na hofu tu.

Jumanne saa nne, siku ya nne, walikuwa dukani wote, na wateja watatu kwenye foleni ambao hawakuelewa kwa nini hakuna anayenyolewa. Kinyozi aliushika ulimi. Alitazama kwa muda mrefu. Akachukua kibano, akashika unywele uliokuwa jirani kabisa na kidonda, akavuta. Haukuja. Akavuta kwa nguvu, na fundi saa akapiga mguu sakafuni kwa maumivu, machozi yakamtoka, akamsukuma shemeji yake kifuani.

"Nijibu," alisema mwalimu mkuu. Sauti yake haikuwa ya darasani. "Nijibu vyovyote tu."

"Kidonda kimepona," kinyozi alisema, "kwa siku nne."

Mwalimu mkuu aliketi kwenye kiti cha wateja, kwa mara ya kwanza tangu duka lile lifunguliwe, akafunika uso kwa viganja vyake vyenye chaki. Fundi saa alikuwa bado anajishika shavu. Kwa mkono mwingine alitoa kikadi na penseli, akaandika akiwa ameegemea kioo, akamsogelea kinyozi na kukifunga kwenye kifungo cha shati lake. Kinyozi aliinamisha kichwa akakisoma kikiwa juu chini.

*Umenikata. Futa ubao.*

Alichukua kifutio. Chaki ilimvunjikia mara mbili, lakini sifuri aliyoandika ilijaa ubao mzima, na wale wateja watatu waliokuwa wakisubiri zamu hawakuondoka.